Picha Iliyokataliwa Sirari

Kwenye mazishi ya Mama Bhoke, kijijini kwao nje kidogo ya mji wa Tarime, mchungaji alisimama akasema kwamba marehemu hakuwahi kumbagua mtu maisha yake yote. Watu wakaitikia amina. Mimi nilikuwa chini ya turubai la wanawake, nimejifunga kanga kiunoni kama wengine, nikajikuta natabasamu, hadi mama aliyekaa pembeni yangu akanitupia jicho la kuuliza. Haikuwa dharau. Nilimpenda mama yule, na tangu asubuhi nilikuwa nimelia mpaka kichwa kinaniuma. Ila mchungaji hakumjua. Mama Bhoke alibagua, tena aliyebaguliwa ni mimi niliyekaa pale nikimlilia. Nilipokuwa narudi nyumbani kwangu nikaona kwamba kumpa marehemu sifa ambayo hakuwa nayo ni kumnyang'anya ile aliyokuwa nayo, na hiyo aliyokuwa nayo mimi naijua, kwa sababu nilikuwepo. Basi nauandika mwaka ule kama ulivyokuwa.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimemaliza kidato cha nne, na nilikuwa na kazi ambayo sikuwahi kumwona msichana mwingine akiifanya. Nilikuwa mfasiri wa picha kwenye kibanda cha video pale Sirari, karibu kabisa na mpaka, upande wetu. Mwenye kibanda aliitwa Marwa, mtoto wa kiume wa kwanza wa Mama Bhoke, aliyekuwa dereva wa malori kabla mgongo haujamkataa. Deki ya video ilikuwa ndani ya kabati la mbao lenye kufuli, luninga juu yake, na mimi pembeni kwenye kiti cha plastiki, maiki mkononi. Picha za Kihindi zilikuja na maandishi ya Kiingereza chini. Nilisoma, nikageuza, nikasema, vyote kwa wakati mmoja. Kihindi chenyewe sikukijua hata neno la kuombea maji. Steringi, yaani shujaa wa picha, akisema nilinguruma, mama yake akilia nililia, na adui nilimpa sauti ya wale maajenti wa mizigo wanaokuambia gari lako litatoka kesho huku wanajua halitoki. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nilikuwa hodari. Nimefundisha darasani miaka mingi tangu hapo, nimestaafu kwa heshima zote, na bado naamini sijafanya kazi yoyote vizuri kama ile.

Ya nyumbani kwetu Kenyamonta, upande wa Serengeti, nayaruka, isipokuwa jambo moja ambalo bila hilo hakuna kitakachoeleweka. Baba yangu alizaliwa kwa Abaturi, yaani ukoo wa wahunzi. Kwa desturi ya zamani ya Wakurya, wahunzi na watu wa mifugo hawaoani. Majembe yetu waliyanunua, mapanga yetu waliyasifia, salamu tulipeana vizuri kabisa, lakini ng'ombe wa mahari hawakutoka kwao kuja kwetu wala kwetu kwenda kwao. Ukiuliza sababu unaambiwa ni mkosi, watoto hawatapona, au huambiwi kitu, watu wanabadilisha mazungumzo. Pale Sirari hakuna aliyejua mimi ni wa ukoo gani, kwa sababu kila mtu alikuwa mgeni na kila mtu alikuwa na haraka. Sikujificha. Hakuna aliyeuliza.

Nilipanga chumba kwa Mama Bhoke mwenyewe, nyuma ya nyumba yake ya bati, chumba kilichotenganishwa na jiko lake kwa ukuta wa mbao tu. Ukuta ule ulipitisha kila kitu, harufu na maneno. Asubuhi uji wa ulezi, mchana mara nyingi hakuna kitu, jioni ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, na dagaa au maziwa ya mgando yaliyotoka Nyanungu kwa mdogo wake Marwa, Mwita, aliyekuwa akilima na kufuga huko. Siku za mnada wa ng'ombe tulikula nyama. Mama Bhoke alikuwa na mkono mzito wa chumvi na mdomo mwepesi wa mipango. Alipanga ndoa za watu akiwa anakoroga sufuria. Jioni moja, mvua zikiwa ndiyo zinaanza, nikamsikia akimwambia jirani yake aliyekuja kuomba moto: "Mimi nimeshamwona wa Mwita. Si huyu hapa nyuma? Kizungu anasoma, kazi anajua, akinisalimia anapiga goti. Nitatuma watu Kenyamonta wakaulize kwao." Jirani akasema ni jambo zuri, msichana mwenyewe hana makuu. Mimi nikaacha kuchana nywele.

Niseme wazi: Mwita sikumtaka. Alikuwa mtu mzuri, mpole, mwenye maziwa mengi, lakini kila alipokuja kutazama picha alikuwa amelala kabla majina ya waigizaji hayajaisha kupita. Kilichonishika moyo ni hao watu wa kutumwa kuuliza. Nilijua watakachoambiwa na nilijua namna watakavyorudi, wakikohoa kidogo mlangoni. Hakuna ambaye angenitukana. Ningepunguziwa tu, kidogo kidogo, mpaka siku moja ningeambiwa chumba kinahitajika na maiki imepata mtu mwingine. Nilikuwa nimeyaona yakimpata shangazi yangu, na shangazi yangu hakuwahi kupewa hata nafasi ya kujibu, maana hakuna aliyemwambia lolote. Nilichotaka ni kubaki na kazi yangu na chumba changu huku watu wakijua mimi ni nani, na walijue hilo kutoka kinywani mwangu. Wiki zikapita, habari ya Mwita haikutajwa tena jikoni. Nikadhani msimu wa kupanda umewabana.

Sasa niwaeleze habari za wakosoaji wetu, kwa sababu picha Sirari haikuwa nzuri wala mbaya mpaka iwe imehukumiwa. Ilipoisha hakuna aliyenyanyuka. Benchi la mbele lilisema kwanza, na kibanda kizima kikasikiliza. Fundi Hassan, mshona nguo ambaye wazazi wake walitoka Tanga, alipima nyimbo na mavazi. Otieno, mbadilisha fedha aliyevuka kila siku kutoka Isebania, upande wa Kenya, alipima ngumi. Na Mzee Nyamhanga, mfugaji wa Nyanungu aliyeshuka siku za mnada, fimbo katikati ya magoti, alipima akina baba. Yeye ndiye aliyekuwa hakimu mkuu. Aliangalia baba wa steringi amefanya nini, baba wa binti amesema nini, mahari imekwenda vipi, na kama mambo hayo yalikaa sawa, mtu angeweza kuruka juu ya treni na kupiga watu arobaini, mzee hakujali. Akisema picha ni nzuri, Nyanungu nzima ilishuka kuiona. Akisema mbaya, Marwa aliitoa kwenye deki akairudisha kwa waliomkodisha huko Isebania.

Picha ninayoizungumzia ilikuja bila sifa yoyote. Sisi tuliiita Picha ya Tanuri. Mwalimu kijana anakutwa amekufa ndani ya tanuri la matofali kwenye kijiji cha mashamba makubwa. Polisi anatumwa kutoka mjini kupeleleza, na kila anayemuuliza hajui kitu. Polepole inajulikana kwamba mwalimu alizaliwa katika tabaka la watu wa kutengeneza ngozi, watu ambao wenye mashamba hawawagusi, na kwamba alikuwa ameomba kumwoa binti wa mwenye shamba. Aliyemuua ni baba wa binti, akisaidiwa na ndugu zake, na kijiji kizima kilijua tangu siku ya kwanza. Nilipoisoma kwa mara ya kwanza, na kazi yangu ilikuwa kusoma na kusema hapo hapo, niliwatambua watu wale kabla mstari haujaisha. Maandishi yalisema tabaka la chini. Mimi nikasema watu wa hali ya chini, kama ambavyo mtu yeyote angesema, na kufikia katikati ya picha, kwa haraka za kazi, ilishakuwa maskini.

Ikaisha. Fundi Hassan ndiye aliyeanza. "Wimbo mmoja," alisema. "Na huo mmoja wenyewe wanauimba wamevaa nguo za shambani. Kihindi gani hiki?"

"Hii movie iko slow, bana," alisema Otieno. "Steringi ni polisi na hajazaba mtu hata kofi. Polisi wa wapi huyo?"

Kisha Mzee Nyamhanga akakohoa. "Mura," alimwambia Marwa, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "hii picha inadanganya. Kijana ni mwalimu. Mshahara yuko nayo, pikipiki yuko nayo, anaomba binti wa watu vizuri na adabu. Baba gani anaua mkwe kama huyo? Umaskini si ugonjwa. Leo huna, kesho ng'ombe zinazaa. Aliyetunga hiyo kitu hajawahi kuwa na binti."

Kibanda kizima kikakubali, na baba wa binti akachekwa kwa upumbavu wa kukimbiza mahari. Nilikaa na maiki yangu iliyozimwa nikawasikiliza, na hasira ikanipanda kuliko nilivyotarajia. Picha zote zile za kuruka juu ya treni walikuwa wamezipokea kama taarifa ya habari. Hii moja iliyokuwa kweli ndiyo waliyoiita uongo. Leo nikiwa mtu mzima naona walichokosea, na ni kosa ambalo lisingefanywa mahali pengine: kwa Mkurya wa mifugo hakuna aibu ambayo ng'ombe wa kutosha hawawezi kuiondoa, kwa hiyo mtu akikataliwa na ana mali, anayekataa ni mjinga na hadithi ni mbovu. Isipokuwa ipo aibu moja ambayo ng'ombe hawaiondoi, na wote walioketi pale waliijua, na hakuna aliyeikumbuka. Walikuwa wameizoea mpaka hawaioni.

Marwa alishaanza kuifungasha. Nikamwambia, "Kaka, usiirudishe. Nipe siku ya mnada ujao niifasiri upya."

"Ghati, mzee ameshaiua. Unataka niwaite watu waje kutazama maiti?"

"Wakitoka kabla haijaisha, tafuta mfasiri mwingine. Sitadai kiti changu."

Marwa alikuwa mfanyabiashara, na alijua kwamba mfasiri mwingine pale alikuwa ni yeye mwenyewe, na Kiingereza chake kilikuwa cha vibao vya barabarani. "Mchana," alisema. "Mnada ukipoa. Na ukiniharibia, utamweleza mama yangu."

Siku ya mnada kibanda kilijaa, kwa sababu Marwa alitangaza kwamba mfasiri amekataa hukumu ya benchi la mbele, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mzee Nyamhanga alikaa mahali pake, ameudhika kidogo na amefurahi kidogo. Nikaanza kama kawaida. Kuna sehemu, mapema tu, polisi na dereva wake wanasimama kunywa chai. Polisi anapewa kikombe cha kauri. Dereva, ambaye naye ni wa watu wa ngozi, anakwenda nje mwenyewe bila kuambiwa, anachukua kikombe cha bati kilichoning'inizwa kwenye msumari, anamiminiwa kwa mbali. Nikasimamisha picha hapo hapo. Watu wakaguna. Nikasema kwenye maiki, kwa sauti yangu mwenyewe ambayo wengi walikuwa hawajawahi kuisikia:

"Wazee wangu, shikamooni tena. Safari ile niliwaambia hawa ni maskini. Nafuta. Huyu dereva anamzidi muuza chai kwa mshahara. Kikombe chake kiko nje kwa sababu ya tumbo lililomzaa. Hata akijaza Nyanungu yote ng'ombe, kikombe kitabaki nje. Mlisema haiwezekani baba kukataa mkwe mwenye mali. Sasa nauliza: nani humu ndani ana binti, na kesho Abaturi wakaleta ng'ombe zao, atazipokea?"

Nje mtu alikuwa anabishana juu ya mbuzi, tukamsikia vizuri kabisa. Kisha sauti ya kijana mmoja nyuma ikasema, "Dada, hayo mambo ya kizamani. Hao Abaturi wenyewe siku hizi wako wapi?"

"Mmoja ameshika maiki," nikasema, nikabonyeza kitufe picha ikaendelea.

Nimeulizwa mara nyingi kama niliogopa. Niliogopa kabla. Nilipokwisha kusema, sauti ilinikaa kooni vizuri kuliko siku yoyote, na nikaifasiri picha ile mpaka mwisho bila kukosa hata mstari. Adui sikumpa sauti ya kuchekesha. Nilimpa sauti ya kawaida ya mzee wa heshima anayeongea na wageni wake, kwa sababu ndivyo alivyokuwa. Hakuna aliyetoka. Mwishoni, polisi anapompandisha kwenye gari, baba yule anasema hakuua mtu, akilikazia neno mtu, kana kwamba mwalimu hakuwa mmoja.

Wote wakamtazama Mzee Nyamhanga. Alikaa na fimbo yake, akanigeukia mimi badala ya Marwa. "Baba yako ni nani?"

Nikamtajia.

"Namjua. Panga langu ni la mkono wake." Akafikiri. "Picha ni ya kweli. Mimi ng'ombe hizo ningezikataa. Kuua, hapana. Kukataa, ningekataa."

"Na yule wa kwenye picha alianza kwa kukataa tu, mzee," alisema Fundi Hassan, polepole, kama anayepitisha uzi kwenye sindano.

Mzee alimtazama kwa jicho baya, kisha akaanza kujibu, kisha mwingine akamkata, na kuanzia hapo kibanda kikawa baraza. Walibishana mpaka wenye ng'ombe walipoanza kuitwa nje kwenda kuswaga mifugo yao. Mmoja alisema babu yake alimfukuza kaka yake kwa jambo hilo hilo. Mwingine alisema mkosi ni mkosi, serikali haiwezi kuufuta. Otieno alikuwa amefurahi kupita kiasi. "Kumbe nyinyi mko na hii kitu hapa hapa," alisema, "na kila siku mnatuambia sisi Wakenya ndio wa ukabila." Picha ilikaa kwenye deki muda mrefu kuliko picha yoyote ya mwaka ule. Watu walishuka kutoka Nyanungu, madereva wakaahirisha safari, na najua kabisa kwamba nusu yao walikuja kunitazama mimi. Mama mmoja aliyezoea kuniletea karanga akaacha. Wengine ambao hawajawahi kunisalimia wakaanza. Niliyapokea yote mawili nikaendelea na kazi, na Marwa hakutafuta mfasiri mwingine.

Lakini Mama Bhoke hakusema neno. Jioni ile ile ya mnada alinipakulia nyama kama kawaida, nyingi, tukala tukitazama sahani zetu. Kesho yake hivyo hivyo. Jikoni kukawa na kelele za vyombo tu, yeye ambaye hakuwahi kukoroga kitu kimyakimya. Nilikuwa tayari kuambiwa chumba kinahitajika. Nguo zangu nilishazikunja ili nisije nikaonekana nahangaika. Kwa kweli kimya chake kiliniuma kuliko karanga za yule mama, kwa sababu wengine walikuwa watazamaji wangu tu, na yeye nilikuwa nimeshaanza kumwita mama bila kuongeza jina la mtoto wake.

Kisha asubuhi ya mnada uliofuata akaja kibandani. Hakuwahi kuingia mle tangu mwanawe alipokifungua. Alisema mabenchi yana kunguni. Alikaa benchi la mbele, akaweka kikapu chake chini, akaniambia niiweke hiyo picha. Nikamfasiria peke yake, bila maiki, nimekaa karibu naye. Mwanga uliingia kwenye matundu ya misumari ya bati na luninga ilionekana kwa shida, lakini hakulalamika. Ilipoisha akaniuliza:

"Huyo baba, baadaye anajuta?"

"Haijaonyeshwa, mama. Inaishia hapo anapochukuliwa."

"Wangeonyesha." Akarekebisha kitambaa chake kichwani. "Umeniumiza, Ghati. Ungekuja jikoni ukaniambia, mimi na wewe. Ukaenda kuuambia mnada mzima."

"Ningekuambia jikoni ungefanya nini?"

Nje watu wa onyesho la kwanza walikuwa wameanza kukusanyika, nilisikia Marwa akiwaambia wasubiri. Mama Bhoke akasema, "Watu wangu walisharudi kutoka Kenyamonta. Hata hiyo picha ilikuwa haijaja. Wakaniambia wewe ni binti wa nani. Nikawaambia wafunge midomo, na mimi nikafunga wa kwangu. Mwita nikamwambia wewe umekataa." Akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza siku hizo zote. "Nilikuwa nakusitiri, mwanangu."

"Mama, mimi sina cha kusitiriwa. Baba yangu ni mhunzi. Basi."

Nilimwonea huruma, na sikusema chochote cha kumrahisishia.

"Kumbe nilikuwa najisitiri mimi," alisema.

Marwa akafungua mlango, watu wakaingia wakipiga kelele, na wakanyamaza walipomwona. Mzee Nyamhanga, ambaye hakuwahi kumwomba mwanamke hukumu ya picha, akasimama mbele ya benchi lake lililokuwa limekaliwa, akaegemea fimbo. Labda alitaka tu ampishe. Akamuuliza, "Na wewe mama, umeionaje?"

Mama Bhoke aliinuka, akachukua kikapu chake. Angeweza kusema haina nyimbo. Angeweza kusema macho yake ni mabovu, na kila mtu angemwelewa.

"Inanisema mimi," akajibu, na akasema hivyo kwa sauti ya kusikika mpaka mabenchi ya nyuma.